Kamera ya Dijitali Ikiharibika: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Kabla ya kumpelekea fundi kamera iliyogoma kuwaka, ijaribu kwa betri nyingine iliyojaa chaji na kwa kadi nyingine ya kumbukumbu, kisha ufute kwa kitambaa kikavu vile vyuma vidogo vinavyogusana na betri, kwa kuwa hitilafu inayotisha huweza kuanzia hapo tu. Lenzi iliyokwama nusu nje usiilazimishe kwa mkono, maana gia zake mara nyingi ni za plastiki na meno yake hukatika upesi. Fundi akishataja gharama, ilinganishe na bei ya kamera ya aina hiyohiyo iliyokwishatumika; ikizidi nusu yake, mimi ningenunua nyingine. Iliyoingia maji ya chumvi, hata ikiwaka leo, kutu huendelea kuila ndani.