Mfuko wa Kinga Njaa Haukaushi Mahindi

Kila msimu naitwa kuangalia mahindi "yaliyoharibiwa na mifuko". Mkulima anafungua kinga njaa, ule mfuko wa kuhifadhi nafaka usiopitisha hewa, miezi miwili baada ya kuvuna, harufu ya uchachu inajaa ghala na nailoni ya ndani inatona maji. Lawama zote anabebeshwa muuza mifuko. Nikimuuliza mkulima aliyapimaje mahindi kabla ya kufunga, jibu ni lile lile: kwa meno.

Jamani, meno hayapimi unyevu! Punje yenye unyevu wa asilimia 15 unaweza kuisikia ngumu kinywani, na ghalani haifai. Kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 kushuka chini. Mfuko huu unazuia hewa ili wadudu wafe, basi. Unyevu ulioingia nao unabaki humo humo, na kila ukifungua kuchota debe la kusaga, hewa inaingia na ukungu unaamka. Kuna ukungu unaotengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini.

Anayedhani natisha watu akumbuke mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sumukuvu iliwaugusha watu 317, wakafa 125, ini limeharibika. Watafiti walipolinganisha wagonjwa na majirani wazima, mojawapo ya tofauti walizoziona ni mahindi yenye unyevu yaliyowekwa ndani ya nyumba. Moto wa ugali hauiondoi sumu hii. Na msiniambie mtampa ng'ombe mahindi hayo: sehemu ya sumu inarudi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Sasa kipimo cha unyevu. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa. Chumvi nayo ianikwe juani kwanza, maana chumvi iliyolowa itakudanganya. Weka chumvi vijiko vikubwa viwili, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika 1, kisha iache dakika 15. Kumi na tano, si tano! Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado usikimbilie kufunga, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 chumvi haikwambii kitu. Ongeza siku mbili za jua kali, au peleka kopo moja kwa mnunuzi mwenye mashine ya kupimia. Chukua sampuli katikati na chini ya rundo pia. Wengi mnachota juu tu, palipokauka.

Anika juu ya turubai, kina kisizidi sentimita 4, geuza kila baada ya nusu saa. Jioni funika kabla umande haujashuka. Yakishakauka yaache yapoe kivulini: mahindi ya moto yakifungwa hutoa jasho usiku, na kazi yote imekwenda bure. Yaliyo tayari humiminika bila kushikana.

Nailoni mbili za ndani zifungwe kila moja peke yake, kisha kiroba cha nje. Ukizikusanya kwenye fundo moja, hewa itapita.