Vitamini za kumbukumbu: pima kwanza ndo ununue

Kama siku hizi majina yanakupotea, unaingia chumbani hukumbuki ulifuata nini, na sasa unataka kununua lile kopo lenye picha ya ubongo, subiri kwanza. Swali la kuanza nalo sio ununue ipi. Jiulize, kuna vitamini imenipungua? Manake kidonge kinamsaidia sana yule aliyepungukiwa, ambaye hajapungukiwa faida yake ni ndogo mno au hamna.

Ya kuiangalia kabla ya zote ni B12. Ikishuka mtu anasahau, anachoka hovyo, miguu inapata ganzi au inachomachoma kama sindano, na nyumbani wanasema ah uzee huo. Mama yangu mdogo yalimkuta, kameza metformin ya kisukari miaka mingi, akaanza kuuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja, sisi tushakata tamaa kabisa, kumbe damu ilipopimwa B12 iko chini vibaya, akachomwa sindano na baada ya miezi kadhaa akarudi kupanga siku zake za kliniki mwenyewe. Sio wote wanarudi hivyo, ikichelewa sana mishipa ya fahamu inaweza isipone yote, ndo maana nasisitiza hili.

Sasa angalia kama upo humu: umepita miaka 50 (asidi ya tumbo ikipungua, B12 ya kwenye chakula haitoki vizuri), unatumia metformin, au omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kwa muda mrefu, umefanyiwa upasuaji wa tumbo, au huli kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa. Kama upo nenda kapime B12, wingi wa damu na tezi ya thairoidi (ile ya shingoni), nayo ikilegea inaleta usahaulifu. Pima KABLA hujaanza kumeza chochote, ukishameza B12 majibu yanapanda na huwezi tena kujua ulikuwa wapi. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi mwambie daktari, vinaharibu baadhi ya vipimo kikiwemo cha thairoidi. Usingizi mbovu, sonona, pombe na hata zile dawa za mafua zinazolewesha pia zinakula kumbukumbu, na hizo hazitibiwi na vitamini.

Majibu yakiwa sawa je? Hapa niseme ukweli. Marekani waliwafuata madaktari wanaume karibu 6,000 wenye miaka 65 kwenda juu, wengine wakipewa maltivitamini (kidonge kimoja chenye vitamini nyingi), na baada ya miaka 12 hivi kumbukumbu hazikutofautiana. Utafiti mwingine unaoitwa COSMOS, wa juzijuzi tu, umeona maltivitamini ya kila siku inasaidia kidogo kwa wazee. Kidogo. Kuzuia dimenshia, ule ugonjwa wa akili na kumbukumbu kufifia, haijathibitishwa. Ginkgo, dawa ya majani ya mti inayouzwa kwa ajili ya kumbukumbu, ilijaribiwa kwa wazee zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka 2008, haikuzuia. Kwa hiyo maltivitamini ya dozi ya kawaida mi sikukatazi, ila usiitegemee.

Hatari iko kwenye dozi kubwa na kwenye kuchanganya. Fanya hivi leo, chukua makopo yote unayomeza yapange mezani, geuza upande wenye maandishi madogo, tafuta B6, mara nyingine wanaiandika pyridoxine. Utakuta maltivitamini ina miligramu 2, kidonge cha mishipa 50, unga wa kuongeza nguvu nao una yake, jumlisha. Ulaya mwaka 2023 walishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, Marekani ni 100, na ukizidisha kwa muda mrefu B6 yenyewe inaleta ganzi ya miguu, halafu mtu anaongeza vidonge akidhani ni upungufu! Foliki asidi usipitishe mikrogramu 1,000 bila daktari, inaweza kurekebisha damu ionekane nzuri huku upungufu wa B12 unaendelea kuumiza mishipa chinichini. Vitamini E ya yuniti 400 kila siku iliongeza saratani ya tezi dume kwenye utafiti mkubwa wa wanaume. Na kama unameza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), vitamini E nyingi au ginkgo vinaweza kukutoa damu, usianze bila kuuliza. Vitamini D ikizidi sana inapandisha kalsiamu na mtu anachanganyikiwa.

Ukiamua kuanza, anza na kimoja tu, andika tarehe, pima tena baada ya miezi mitatu hivi, na kama una upasuaji watajie madaktari vyote unavyomeza hata kama umevinunua mwenyewe. Ila ukiona mzee anapotea njia anayoipita kila siku, au usahaulifu umekuja ghafla ndani ya siku chache, achana na makopo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.