Unguja hadi Maskati kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Kwetu Wete, Pemba, wenye jamaa Maskati ni wengi, na tiketi ikishakatwa maswali ni mawili: ni mbali kiasi gani, na tutakaa angani muda gani? Yote mawili unayapata ukiwa nyumbani.

Umbali usiupime kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni duara, na ramani imelazimishwa kulala bapa. Tafuta tufe, hata lile dogo la skuli, na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Unguja, vuta mpaka Maskati, ukaze, ukate hapo. Sasa ulaze uzi huo juu ya mstari wa longitudo kuanzia ikweta kwenda kaskazini. Utaishia karibu na digrii 35. Digrii moja hapo ni kilomita 111, zidisha: 3,885. Kwa hesabu kamili ni kama 3,900, kwa hiyo uzi unatosha kabisa. Anayetoka Pemba kwanza hurudi kusini kilomita 125 hivi mpaka kiwanja cha ndege cha Kisauni, Unguja, kiasi cha nusu saa kwa ndege ndogo ya pangaboi.

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Gawa 3,900 kwa 850, upate saa nne na nusu na ushei. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: saa tano na kidogo. Upepo wa mbele huongeza dakika, wa nyuma hupunguza.

Kwa safari ya kuunganisha, pima kila kipande peke yake. Unguja hadi London kwa mstari mmoja ni kilomita 7,440 hivi, lakini ukipitia Doha ni 3,750 na tena 5,240, karibu 9,000, mbali na saa za kusubiri kiwanjani.

Tiketi ndiyo inayowachanganya watu. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaofikia, na Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Tuseme imeandikwa kuondoka 15:00, kufika 21:15. Usitoe bado! Rudisha kwanza 21:15 iwe 20:15 ya Unguja, ndipo utoe: saa tano na robo. Kurudi ni kinyume chake. Kuondoka 09:00 na kufika 13:20 kunaonekana ni saa nne na dakika ishirini, kumbe ni tano na dakika ishirini. Doha saa zao ni sawa na zetu. London tunawatangulia kwa saa tatu wakati wa baridi yao, mbili wakati wa joto.

Mzee akikuuliza, mwambie kwa saa zetu: 15:00 ni saa tisa alasiri, 21:15 ni saa tatu na robo usiku.

Na tafadhali, iangalie sana 00:40. Tiketi ikisema Ijumaa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukingoja Ijumaa jioni ndege imeshakwenda tangu jana yake usiku. Mabegi yafungwe Alhamisi mchana, na mkishasali Isha muwe njiani kuelekea Kisauni.