Namna ya Kuishika Imani Baada ya Mazishi

Katika jiji la Nairobi, siku za kwanza za msiba huwa na watu wengi. Kamati ya mazishi hukutana kila jioni, michango hutumwa kwa M-Pesa, kwaya huja kuimba nyumbani, na kwa kuwa familia nyingi huwazika wapendwa wao mashambani, basi hukodiwa kuwapeleka waombolezaji Murang'a, Machakos au Siaya. Marehemu huzikwa, wageni hutawanyika, na siku chache baadaye mjane amekwisha kurudi mtaani kwake jijini, Umoja au Kawangware, katika nyumba ambamo viatu vya mumewe vingali mlangoni, huku kaburi likiwa mbali naye. Mwongozo huu unahusu kipindi kinachoanza hapo, kwa maana imani ya wengi hulegea baada ya kamati kuvunjwa, wala si siku ya mazishi.

Jambo la kwanza ni kumwambia Mungu ukweli. Wakristo wengi wamefundishwa kwamba kulalamika ni kukosa imani, na kwa hiyo hunyamaza, na kunyamaza kule hugeuka polepole kuwa kumkwepa Mungu kabisa. Maandiko yenyewe hayafundishi hivyo. Zaburi ya 13 yaanza kwa kuuliza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Martha alimlaumu Yesu waziwazi kwamba angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa, wala Yesu hakumkemea. Na mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, wanaokaripiwa ni wale marafiki waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri, ilhali Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa kwamba amenena yaliyo sawa. Basi chukua Zaburi hiyo ya 13, ambayo ina aya sita tu, uisome kwa sauti kila asubuhi kabla ya kutoka, na baada ya aya ya pili utaje kwa jina kile ulichopoteza. Ikiwa aya za mwisho, zenye shangwe, hazikutoki kinywani, ziache kwa sasa. Ipo pia Zaburi ya 88, inayomalizika gizani bila neno lolote la faraja, nayo imo katika Biblia kama zile nyingine.

Zitakuja siku ambazo hata hilo hutaliweza. Siku hizo, azima maombi ya wengine: Sala ya Bwana, rozari kwa Mkatoliki, sala zilizoandikwa katika kitabu cha ibada kwa Mwanglikana, au wimbo mmoja tu unaoujua kwa moyo. Nenda kanisani hata kama utakaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, na Marko anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale waliombeba pia. Ikiwa uko katika Jumuiya Ndogo Ndogo au kikundi cha ujirani cha kanisa lako, mwombe mtu mmoja, si kundi zima, awe akikupigia simu kila juma kwa muda wa miezi kadhaa. Watu husahau haraka, na mara nyingi si kwa ubaya.

Usiudharau mwili. Nabii Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria; alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mfiwa asiyelala na anayeshindia chai pekee hataweza kupima sawasawa kama Mungu amemwacha au hakumwacha.

Kuhusu wafariji, inafaa uwe na jibu fupi tayari. Atakayekuambia kwamba Mungu amempenda marehemu zaidi, au kwamba mtoto wako ameitwa kuwa malaika, mshukuru na ubadilishe mazungumzo; wengi husema hivyo kwa kuogopa kimya, wala huna wajibu wa kuyaamini maneno yao. Lakini yule anayedai kwamba msiba umetokana na laana ya ukoo, na kwamba itavunjwa ukipanda mbegu ya fedha, yaani ukimtolea sadaka ya pesa, mwepuke kabisa. Mfiwa wa Nairobi mara nyingi ana deni la hospitali na gharama za mochari, na kumwongezea mzigo mwingine kwa jina la Kristo ni unyang'anyi. Mchungaji wa kweli atakuuliza kama watoto wamelipiwa karo.

Kwa kuwa kaburi liko mbali, jiwekee mahali na siku za kukumbuka. Familia za watu zaidi ya 200 waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, zina bustani ya kumbukumbu katikati ya jiji, ambako majina yameandikwa ukutani. Aliyefiwa nyumbani kwake hana ukuta kama huo, na hana budi kuutafuta wake. Wakatoliki huwaombea marehemu wote Novemba 2, na waweza kutoa nia ya Misa, yaani kuomba Misa isomwe kwa ajili yake, siku ya kuzaliwa ya mpendwa wako. Kwa madhehebu yasiyowaombea wafu, sala ya shukrani kwa maisha yake inatosha, ikifanywa pamoja na watu wawili au watatu waliomfahamu.

Mwisho, zitazame dalili ambazo maombi peke yake hayakukusudiwa kuzibeba. Ukiona kwamba miezi imepita na huwezi kufanya kazi, kwamba pombe imeongezeka, au kwamba unatamani kumfuata marehemu, mwambie mtu siku hiyohiyo na umwone mshauri nasaha au daktari. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu 1199 ambayo hupigwa bila malipo. Anayekuambia kwamba kwenda huko ni kumkana Mungu, mwombe akusindikize.