Barua ya kazi Kanada: usiinunue kwa ajili ya pointi

Wadau mnaosaka ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, mfumo wa serikali ya Kanada wa kuchagua wafanyakazi stadi, sikieni hili. Tangu tarehe 25 Machi 2025, barua ya ajira haikuongezei tena pointi za ushindani, zile za CRS zinazowapanga waombaji. Zamani ilileta 50, na kwa mameneja wakubwa 200, ndiyo maana madalali waliiuza kama njugu. Anayekuuzia leo kwa hoja hiyo anakula hela yako tu. Ila ya kweli usiichane! Bado inaweza kukupa pointi 10 kati ya 67 unazohitaji, kwa hesabu nyingine, ili kufuzu kama mfanyakazi stadi, na baadhi ya majimbo huitaka kabla ya kukuteua. Uteuzi wa jimbo ndio mnono: pointi 600 za CRS. Mimi hela ya dalali ningelipia masomo ya Kifaransa, nacho huongeza pointi.