Mkihamia Mtwara kutoka Msumbiji, anzeni na saa

Mimi na mke wangu tulihamia Mtwara kutoka Pemba, ile ya Msumbiji, si kisiwa. Kilichotugombanisha mwanzoni hakikuwa pesa wala chakula. Ni saa. Msumbiji ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja, halafu huku saa zinahesabiwa tangu kunapokucha: kwa Kireno ukisema saa 8 asubuhi, Mtwara hiyo ni saa mbili. Fundi cherehani alimwambia mke wangu "njoo saa nane", akaenda asubuhi, akakaa kibarazani mpaka mchana. Alirudi na hasira, na mimi ndiye niliyepokea.

Tangu hapo tuna desturi moja: hakuna miadi bila kutaja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mkwe tunampigia saa mbili usiku ya huku, kwake Msumbiji ni saa 7 jioni kwa Kireno, bado hajalala.

La pili ni sokoni. Anayejua Kiswahili asimsemee mwenzake kila siku. Nilikuwa namsindikiza mke wangu soko la Feri kununua samaki, najibu kila kitu mimi. Miezi mitatu ikapita bila yeye kuuliza bei hata mara moja. Nilipoacha kwenda, alianza na "fungu hili shilingi ngapi?" na mengine yakafuata. Kimwani chake, lugha ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, kilimsaidia sana, maneno mengi yanafanana. Sasa mama muuza samaki anamwita wifi, na huwa anamwekea changu.