Kipimajoto cha kiota cha kasa, bila kadi ya kumbukumbu

Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya vitoto vya kasa. Mpaka uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi. Likizidi hapo, majike huwa wengi. Kifaa hiki kinarekodi joto hilo kila saa hadi mayai yaanguliwe, miezi miwili hivi.

Vifaa. Arduino Pro Mini, bodi ndogo ya kompyuta, ya volti 3.3 (ya volti 5 iache dukani), moduli ya saa ZS-042 na betri yake ya CR2032, kihisi joto DS18B20 chenye ganda la chuma, rezista ya kiloomu 4.7, betri 3 za AA, kopo la kubana. Kadi ya kumbukumbu ya nini? Inakula umeme na miguu yake inaliwa na chumvi. ZS-042 inakuja na chipu ya kumbukumbu ya baiti 4096: kipimo kimoja baiti 2, jumla vipimo 2048, yaani siku 85.

1. Waya. Kutoka kwenye moduli ya saa: SDA kwenye A4 na SCL kwenye A5 (njia za mawasiliano), SQW (pini ya kengele, inayoamsha kifaa kilicholala kati ya vipimo) kwenye pini 2. Data ya kihisi kwenye pini 4, rezista kati ya data na VCC (pini ya umeme wa volti 3.3). Betri kwenye RAW, pini ya kuingiza umeme.

2. Ng'oa. Taa ya umeme ya Pro Mini na ya ZS-042. Taa inayokula miliampea 2 humaliza betri za mAh 2000 kwa siku 41, kasa bado wamo mayaini. Ng'oa pia rezista iliyoandikwa 201 kando ya diodi: ndiyo njia ya chaji, na CR2032 haichajiwi, itavimba.

3. Programu. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukitumia RTClib (maktaba ya programu ya kuendesha saa), anza na `writeSqwPinMode(DS3231_OFF)`, la sivyo SQW hutoa mawimbi badala ya kengele. Kila kifaa kikiamka, futa kengele kwa `clearAlarm(1)` kabla ya kukilaza. Usipofuta, SQW inabaki chini: ama hakiamki tena, ama kinakesha macho hadi betri ziishe. Mezani hutaliona hilo, maana kipimo cha kwanza huja safi kabisa. Kwa hiyo kwanza weka kengele ya kila dakika na usubiri vipimo kumi mfululizo. Ukiona nyuzi 85, umesoma kabla ya milisekunde 750 kupita. -127 ni waya uliokatika. Baada ya kuandika kwenye chipu, subiri milisekunde 10.

4. Barafu. Tumbukiza kihisi kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Tofauti na 0 iandike juu ya kopo. Ikizidi nusu nyuzi, badilisha kihisi.

5. Ufukweni. Maji huingilia pale waya unapoingia kwenye ganda, si kwenye chuma. Paka epoksi hapo. Kiota hakifukuliwi: kihisi huwekwa kasa akiwa anataga, na wenye kibali tu. Kopo lifukie juu ya mstari wa maji makuu. Ukitaka kujua joto linalotolewa na mayai yenyewe, ongeza kihisi cha pili kwenye waya uleule wa data, mita moja pembeni ya kiota, kina kilekile, ulinganishe vipimo vya vihisi viwili. Ila sasa kila rekodi ni baiti 4 na nafasi inajaa siku ya 42, kwa hiyo pima kila baada ya saa mbili.